TAHADHARI: Hakuna wakala anayeweza "kufungua" pensheni ya Uingereza iliyogandishwa

Ndugu zangu wa Mombasa, Kwale na Kilifi, na wenzetu wa Unguja na Maskati: ukiwa na mzazi, mume, mke au jirani anayelipwa pensheni ya serikali ya Uingereza, msomee haya leo. Kuna mtu anazunguka huku Pwani akijiita wakala wa pensheni za ng'ambo. Anadai ana njia ya kuifungua pensheni iliyogandishwa, yaani isiyopandishwa kila mwaka, na kuwaletea wazee nyongeza zote za miaka iliyopita kwa mkupuo mmoja, ila ada inatangulia. Huyo ni tapeli. Pesa anazochukua ni nyingi, na nyaraka anazoondoka nazo zina hatari kuliko hizo pesa.

Jina lake sitalitaja kwa sababu kila nyumba anaingia na jina jipya. Diani alikuwa mwanasheria, Nyali akawa afisa mstaafu wa ubalozi. Mwendo wake lakini ni ule ule. Anaanza na dereva, au msichana wa kazi, au kijana anayemsaidia mzee mambo ya simu. Anauliza kwa upole kama mzee "analipwa na London", na anaahidi chochote kidogo kwa atakayemkutanisha naye. Akishajua mzee alistaafu mwaka gani, ndipo anakuja na faili mkononi.

Kwa mama yangu mkubwa alikuja hivyo. Mama mkubwa alikuwa nesi Uingereza miaka mingi, akarudi nyumbani, na pensheni yake ikaanza kulipwa 2004 akiwa tayari yuko Mombasa. Yule bwana alimwamkia kwa adabu zote, akakaa, akanywa chai, kisha akamwambia: "Mama, faili lako nimeliona kwa macho yangu. Limekwama kwenye meza ya mtu."

Neno hilo ndilo linalowamaliza wazee wetu. Sote huku tunajua faili lililokwama ni nini. Tumehangaikia hati za viwanja, vyeti vya kuzaliwa, marupurupu ya marehemu, na tumeona faili likitembea siku lililosukumwa. Kwa hiyo mtu akikuambia pensheni yako nayo imekwama mezani na inahitaji mtu wa kuisukuma, masikio yanakubali kabla akili haijauliza.

Ukweli ni kwamba hakuna faili lililokwama. Pensheni imegandishwa kwa sheria, na sheria hiyo inafanya kazi hivi. Kila Aprili pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kulingana na kupanda kwa bei, au kupanda kwa mishahara, au asilimia 2.5, kile kilicho kikubwa zaidi. Ukiishi Uingereza, nyongeza unapata. Ukiishi nchi za Umoja wa Ulaya, Uswisi, au nchi yenye mkataba wa hifadhi ya jamii unaogusa nyongeza, kama vile Marekani, Jamaika, Barbados, Ufilipino au Mauritius, unapata pia. Kenya haina mkataba huo. Tanzania haina, Uganda haina, Oman haina. Hata Kanada, Australia na Nyuzilandi, ambako Waingereza wamejaa, nyongeza hakuna. Kiasi ulichoanza nacho ukiwa katika nchi hizi, au ulichokuwa nacho siku ulipohamia, ndicho utakachopokea hadi mwisho wa maisha yako. Wastaafu walio katika hali hii duniani ni zaidi ya laki nne.

Tazama maana yake kwa hesabu. Mtu aliyeanza kulipwa pensheni kamili ya msingi (ile ya utaratibu wa zamani) 2004 akiwa huku alipewa pauni 79.60 kwa wiki. Aprili 2025 kiwango hicho hicho kwa aliyebaki Uingereza kilifika pauni 176.45. Huyu wa Mombasa bado yuko kwenye 79.60. Tofauti ni zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka, na michango walitoa sawasawa. Jambo hili halina uhusiano na rangi wala pasipoti: Mzungu wa Watamu, Mkenya aliyerudi Kisauni na Mzanzibari wa Maskati wote wanapigwa na kanuni moja. Ni dhuluma, nami nasema hivyo bila kuficha. Kwa sababu ni dhuluma ya kweli, tapeli anapata mlango. Mzee anajua anadai, basi akija mtu wa kumwambia deni lake limekubaliwa, anafurahi.

Barua aliyoleta kwa mama mkubwa niliishika mwenyewe. Juu ina taji, rangi imefifia kama nakala ya nakala, na kidole chenye majimaji ya chai kikipita wino unatoka. Tarehe ni ya mwaka huu, lakini barua inajitambulisha kuwa ya serikali ya Malkia. Malkia Elizabeth alifariki Septemba 2022, na barua za serikali ile sasa ni za Mfalme. Anwani ya baruapepe inaishia na com, wakati anwani za serikali ya Uingereza huishia na gov.uk. Chini kuna muhuri wa mviringo wa zambarau, wa aina inayochongwa kando ya barabara mjini.

Uongo mkubwa zaidi uko ndani ya barua yenyewe. Imeandikwa kwamba mahakama ya Ulaya iliamua 2010 wastaafu walipwe, na kwamba kuna fungu la fidia linalosubiri watu wajisajili. Kesi hiyo ipo kweli. Ilianzishwa na Annette Carson, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini. Alishindwa mbele ya majaji wa juu wa Uingereza 2005, akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg pamoja na wenzake, na Machi 2010 jopo kuu likawakatalia kwa majaji 11 dhidi ya 6. Walishindwa. Hakuna fidia iliyoamriwa, hakuna fungu, hakuna orodha ya kusajiliwa. Tangu hapo serikali za vyama vyote viwili vikubwa, Conservative na Labour, zimeendelea kukataa. Anayekuonyesha kesi hiyo kama ushindi anategemea kwamba hutaitafuta.

Sasa pesa. Kwanza anataka "ada ya kufungulia faili", inayolipwa kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi. Ukishatuma, baada ya siku kadhaa inakuja "kodi ya uhamisho", halafu "malipo ya mwanasheria wa London", na kila moja ni ya mwisho. Huo ni mchezo wa siku zote na wengi wetu tunaujua. Lisilojulikana sana ni karatasi anazokusanya: nakala ya pasipoti, namba ya Bima ya Taifa ya Uingereza (ile inayoanza na herufi mbili), taarifa za benki, na sahihi kwenye karatasi ya kumpa mamlaka ya kuzungumza kwa niaba yako. Mwenye vitu hivyo vinne anaweza kuandika kwenye ofisi ya pensheni kwamba mzee amebadilisha akaunti. Kuna mzee Mwingereza wa Diani, mkewe ni rafiki wa familia yetu, aliyelipa ada na kutia sahihi. Malipo yaliyofuata hayakuingia kwenye akaunti yake. Mkewe alikaa kwenye simu na Uingereza hadi sauti ikamkauka, akithibitisha kwamba mume wake ni mume wake.

Mama mkubwa hakulipa. Alimwuliza swali moja: "Ada hii nikilipa Uingereza moja kwa moja, wewe itakuuma wapi?" Yule bwana akaaga haraka, chai hakuimaliza.

Biashara ya pili ya mtu huyu ni kura. Anawaambia Waingereza wa huku kwamba sheria mpya imewarudishia haki zao zote, kura na pensheni pamoja, na anawatoza kuwasajili. Hapo anachanganya kweli na uongo. Kweli ni kwamba sheria ya uchaguzi ya 2022 iliondoa ule ukomo wa kupiga kura kwa miaka 15 tu tangu uhame, na tangu 16 Januari 2024 raia wa Uingereza anayeishi nje anaweza kupiga kura ya ubunge hata kama aliondoka miaka 40 iliyopita, katika jimbo alikosajiliwa au alikoishi mwisho. Usajili unafanywa kwenye tovuti ya serikali, ni bure, na hudumu hadi miaka mitatu kabla ya kuhuishwa. Haugusi pensheni hata senti moja. Ukisajiliwa, chagua mtu unayemwamini kule akupigie kura kwa niaba yako, maana karatasi ya posta kwenda na kurudi kutoka huku mara nyingi inafika uchaguzi umekwisha. Na kwa maoni yangu, kura ndiyo njia halali pekee waliyonayo wazee hawa ya kulitikisa jambo la pensheni, kwa sababu ni Bunge la Westminster linaloweza kulibadilisha. Kuwauzia kitu hicho, tena kwa ahadi ya uongo, ni kuwaibia mara mbili.

Kwa waliorudi wakiwa bado hawajafika umri wa kustaafu, anauza "miaka". Pensheni mpya, kwa waliofikia umri kuanzia 6 Aprili 2016, inataka angalau miaka 10 ya michango ili upate chochote, na kwa kawaida 35 ili upate kamili. Kuna utaratibu halali wa kulipia miaka ya mapengo ukiwa nje: unajaza fomu ya CF83 na kulipa ofisi ya kodi ya Uingereza wewe mwenyewe. Lakini nafasi ya kulipia mapengo ya kuanzia 2006 hadi 2016 ilifungwa 5 Aprili 2025. Anayekuuzia miaka hiyo leo anakuuzia hewa. Tena bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kwamba kuanzia 6 Aprili 2026 ile michango ya bei nafuu kwa walio nje inaondolewa, na masharti ya kuchangia kwa hiari yanakazwa. Tapeli amelichukua tangazo hilo kuwatia watu haraka: "Lipa leo, kesho mlango unafungwa." Usilipe kwa mtu. Uliza ofisi yenyewe.

Pensheni za binafsi nitazipitia kwa ufupi. Akikuahidi kukutolea fedha zako zote kabla ya miaka 55, kodi ya adhabu inaweza kufika asilimia 55, na atakayedaiwa ni wewe.

Lipo jambo moja zaidi linalowatia wazee hofu, nalo ni cheti cha uhai. Uingereza hutuma fomu kwa posta kwa baadhi ya wastaafu walio nje ili wathibitishe kwamba wapo hai. Irudishwe ndani ya wiki 16, la sivyo malipo yanaweza kusimamishwa. Kwa masanduku yetu ya posta, fomu hupotea, na mzee anashtukia akaunti kavu. Yule bwana anadai fomu hiyo lazima ipitie kwake. Si kweli. Unaijaza, unatia sahihi mbele ya shahidi asiye ndugu, mtu wa hadhi ya yule anayethibitisha picha ya pasipoti, kama daktari au mwalimu, na si lazima shahidi awe na pasipoti ya Uingereza. Kisha unaituma mwenyewe. Ikipotea, piga simu Kituo cha Kimataifa cha Pensheni cha Uingereza, namba ichukue kwenye tovuti ya gov.uk na si kwenye kadi ya mtu.

Na kwa anayeuliza kama hakuna kabisa njia ya kupandishiwa: zipo mbili, na zote hazina wakala. Ukirudi kuishi Uingereza, au ukihamia nchi yenye mkataba, unalipwa kiwango cha sasa. Ukienda Uingereza kutembea, unaweza kudai kiwango cha sasa kwa muda utakaokuwa kule, na ukirudi Mombasa kinashuka tena.

Aliyekwisha kulipa asione haya kusema. Kwanza piga simu benki yako na kampuni ya simu uliyotumia, saa hiyo hiyo. Pili, Kituo cha Pensheni: waambie taarifa zako ziko mikononi mwa mtu mwingine na wasikubali mabadiliko ya akaunti bila kuzungumza nawe. Tatu, kituo cha polisi, na usitoke bila namba ya OB (ya kitabu cha matukio). Walio Tanzania, ujumbe na namba ya tapeli utume 15040.

Mwenye barua yake asiichane. Weka na bahasha, na ujumbe wote wa simu, na rekodi ya malipo. Yule mama wa Diani amekwisha kuandikisha maelezo polisi, na ameambiwa wakijitokeza wengine wenye karatasi mkononi, kesi itafunguliwa kwa pamoja. Kama wewe ni mmoja wao, au umeendesha gari lililompeleka mtu huyu kwa mzee, tafadhali nenda ukaandikishe wiki hii.