Fundi wa Langoni na kadi yangu ya mtandao iliyokuwa ikipotea

Nina chumba kidogo cha kuchapisha na kujaza fomu za serikali hapa Lamu mjini, hatua chache kutoka baharini. Kompyuta ni tano. Nne ni za wateja. Ya tano ni yangu, inatumia mfumo endeshi wa Linux Mint, na ndiyo inayogawa intaneti kwa hizo nne. Tundu lake la asili limeungwa na ruta, na kadi ya pili ya mtandao, iliyochomekwa ndani, inapeleka waya kwenye swichi, kisanduku kinachoziunganisha hizo nne. Nilihamia Linux kwa sababu ya virusi vya flashi za wateja, wala sijajuta.

Pepo za kusi zilipoanza, kadi hiyo ya pili ikaanza kupotea. Nairestati mashine baada ya kuisasisha, inawaka vizuri, kadi haipo. Si kwamba mtandao ni dhaifu. Haipo kabisa, kana kwamba hapajawahi kuchomekwa kitu. Kesho yake ipo. Nikawa naandika kwenye daftari: mara 31 nilizoiwasha, ilikosekana mara 9. Na mtu aliyekuja kuomba cheti cha mwanawe, huku boti ya Faza inamngoja, hana wakati wa hesabu hizo.

Duka la kwanza, ambalo silitaji, waliniambia ubaya ni Linux, niweke Windows. Nilipokataa wakaniuzia kadi mpya kwa shilingi 2,200. Ilikaa siku nne, nayo ikapotea.

Ndipo jirani akanielekeza kwa huyu kijana wa mtaa wa Langoni. Hana kibao mlangoni. Ana meza, taa ya shingo ndefu na brashi nyingi. Kabla hajashika bisibisi aliniuliza, "Mama, ikipotea, ukiirestati tena hurudi? Au mpaka uchomoe waya wa umeme?" Nikafungua daftari. Kurestati mara nyingi hakukusaidia. Kuchomoa kulisaidia karibu kila mara. Akanieleza kwamba kompyuta ikirestatiwa haikatiwi umeme, na hata ukiizima, maadamu waya uko ukutani, kuna umeme mdogo unaobaki ukiifikia kadi. Kadi iliyokwama hubaki imekwama. Kuchomoa waya, kubonyeza kitufe cha kuwashia na kungoja nusu dakika ndiko kunakoianzisha upya.

Kisha akairestati mpaka ikapotea mbele yetu, akaandika lspci. Amri hiyo huorodhesha vifaa vya aina ya PCI, kama kadi hii, ambavyo ubao mkuu umeviona, hata visivyo na draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa. Kadi haikuwemo. Aliamuru mashine itafute tena vifaa vyake, bado haikuja. Hapo nikaelewa jambo ambalo duka la kwanza hawakulitazama: kama kadi ingekuwa kwenye orodha ya lspci lakini haimo kwenye ip link, amri inayoorodhesha njia za mtandao ambazo Linux inaweza kuzitumia, tungeshuku draiva. Isipokuwemo kwenye lspci, hakuna draiva wala Windows itakayoiokoa, kwa kuwa mashine yenyewe haijaiona. Nilikuwa nimeongeza pcie_aspm=off kwenye mipangilio ya kuwashia, nikitumaini kwamba ubaya ni kubana umeme. Akaiondoa, kwa sababu haikuwa imebadilisha kitu.

Alipoichomoa kadi akanionyesha meno yake ya rangi ya dhahabu kwenye mwanga: yameshika utando wa kijani. Chumvi. Hewa yetu hii inayokula bawaba za milango ilikuwa imeingia hadi ndani ya sloti, tundu la ubao mkuu ambamo kadi huchomekwa, ndiyo maana kadi mpya nayo iliugua. Alisugua meno kwa raba taratibu, akafuta kwa spiriti, akapitisha brashi laini ndani ya sloti, akaacha pakauke. Akarestati akihesabu. Mara ya 12, kadi haipo. Fundi mwingine angesema imetosha na kudai pesa yake. Huyu alisema sloti hiyo imekufa, akaihamishia kadi kwenye sloti ndefu iliyokuwa tupu, kwa sababu kadi fupi hukubali kukaa kwenye sloti ndefu, akaanza kuhesabu upya. Mara 20, zote ipo. Nilikaa pale saa mbili na sikuona uchungu.

Alinidai 800.

Kosa lake ni moja, nalo lilinigharimu jioni nzima. Linux huipa kadi jina kwa kufuata mahali ilipochomekwa, kwa hiyo ilipohamia sloti nyingine, enp2s0 ikawa enp3s0. Mipangilio yangu ya kugawa intaneti ilikuwa imefungwa kwenye jina la zamani, na nilipofika nyumbani kompyuta za wateja hazikupata kitu. Hilo alipaswa kulikumbuka. Simu yake pia haishikwi upesi. Lakini alikuja mwenyewe baada ya Isha, akaifunga mipangilio kwenye anwani ya MAC ya kadi, namba yake yenyewe isiyofuata sloti, badala ya jina, hakuchukua hata shilingi, na akaniomba niisogeze mashine mbali na dirisha la baharini. Nimeisogeza.

Ukienda kwake, nenda asubuhi, na uende na kumbukumbu ulizoandika: ni siku gani, uliizima au uliirestati, ilirudi vipi. Atazisoma kweli. Daftari langu tangu siku ile lina mistari 46, na katika yote kadi ipo.