Prison Break: utamu uliokwisha ukutani
Nilipoitazama Prison Break, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, mara ya kwanza, kwa diski za kukodi kutoka duka moja la Kondele, Kisumu, majirani walijaa sebuleni kwetu hadi watoto wakaketi sakafuni. Msimu wa kwanza, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2005, una vipindi 22, nami nisingepunguza hata kimoja. Michael Scofield, mhandisi aliyejichora mwilini ramani ya gereza, anaingia kifungoni kwa makusudi ili amwokoe kaka yake aliyehukumiwa kifo. Kipande kidogo cha chuma anachoking'oa uwanjani na kukisugua usiku mpaka kikafungue choo cha seli kilitufanya tushikilie pumzi.

Msimu wa pili, wa kukimbizana na polisi, bado una nguvu. Wa tatu unamrudisha Michael gerezani, safari hii Panama, na hapo ndipo nilipoanza kusinzia. Wa nne ulimaliza kwa kutuonyesha kaburi lake, nasi tukaomboleza kwa dhati. Kumfufua mwaka 2017 kwa vipindi 9, akiwa mfungwa tena huko Yemeni, kulinivunja moyo kabisa. Kodisheni misimu miwili ya kwanza pekee.