TAHADHARI: Fundi simu wa Kariakoo kaninyofoa kioo nikamwambia asante

Jamani, nimekaa na hili siku nne kwa aibu, leo nasema. Kuna fundi simu Kariakoo, kwenye zile fremu za mtaa wa Aggrey, ana meza ndogo na kile kidarubini cha kuchungulia saketi. Mkimwona mpiteni mbali.

Mnaijua ile simu yangu, ile niliyonunua kwa hela za mchezo, ule upatu wetu wa Desemba. Jumamosi asubuhi data ikagoma. Netwaki imejaa, kupiga napiga, lakini kila ninachotuma WhatsApp kinabaki na kasaa. Nikanunua bando lingine, kasaa. Nikaweka kindege nikatoa, nikazima nikawasha, kasaa. Na wateja wa vitenge wananisubiri. Nikapanda daladala.

Sasa sikilizeni kwa nini nilimwamini, msije mkaniita mjinga. Mpole, "mama" haimtoki mdomoni. Na kitu cha kwanza alitoa laini yangu akanipa mkononi: "Mama, kaa na laini yako, siku hizi watu si wazuri. Mimi nitajaribia ya kwangu." Niambieni, mwizi gani anakukabidhi laini? Moyo ukatulia, namba ya siri ya simu nikamtajia mwenyewe, kwa sauti, mbele za watu. Akaingia nayo nyuma ya pazia, akaniambia nizunguke saa moja. Nikaenda kula mihogo. Niliporudi akaniita kwenye kidarubini: "Unaona hapo palipoungua? Ndiyo IC, kile kichipu cha netwaki, nimeshakuwekea nyingine." Nikachungulia, kitu cha kijani kina doa jeusi. Nikasema naona. Ningesema nini? Ile saketi ya simu ya nani, Mungu ndiye ajuaye. Alianzia 80,000, tukavutana hadi 55,000, nikaondoka najisifu nimembana!

Jioni naweka kidole nifungue simu, inakataa. Nikadhani ni mafuta ya vitumbua, nikanawa, bado. Jumatatu kijana wa shangazi akaishika, akazima taa ya sebuleni, akafungua picha nyeusi tupu. Ile nyeusi ikatoka kijivu, inang'aa kama dirisha la alfajiri. "Dada, hiki si kioo chako." Changu kilikuwa AMOLED, nyeusi yake inazimika kabisa, na kidole kinasomwa kupitia kioo hichohicho. Nimebandikwa cha bei chee.

Na data? Hapa natamani ardhi ipasuke. Kijana akaniuliza kama niliwahi kuweka kikomo cha data. Niliweka! Watoto walikuwa wanamaliza bando kwa katuni, nikaweka GB 5, zikifika simu inajikatia data yenyewe, hata ununue bando jipya. Na ilinionya kwa maandishi asubuhi ileile, nikafuta bila kusoma. Fundi alikizima tu kwenye mipangilio. Kugusa mara moja, 55,000, na kioo juu.

Nilirudi kwake jana. "Mama, nilikikuta hivyohivyo. Risiti iko wapi?" Sina. Huyu afungwe! Anyang'anywe bisibisi, fremu ipigwe kufuli, na mwenye fremu naye aulizwe. Kibaka ana nafuu, akikuibia anakimbia. Huyu alinipungia mkono, akasema "karibu tena".

Basi, data ikigoma angalieni kwanza hicho kikomo, na ile mipangilio ya APN, inayoiunganisha simu na intaneti ya mtandao wenu, na laini ijaribuni kwenye simu nyingine: ikishika huko, shida iko kwenye simu yenu. Simu isiende nyuma ya pazia. Kidole kijaribuni kabla ya kulipa. Kijana alitaja na mengine, nilikuwa nalia, sikuyashika.

Kesho naenda polisi Msimbazi, anayeweza kunisindikiza aniambie leo. Na wateja wangu, picha za vitenge natuma usiku, ila rangi msiniulize, kwa kioo hiki hata bluu naiona zambarau.