Hita ya bwawa iliyosoma joto la uongo: uzoefu wangu, Mbweni

Mashine naipa alama nne kwa tano. Huduma ya wakala baada ya mauzo naipa mbili, na nitaeleza kwa nini, maana najua wapo wengi Unguja wenye mabwawa madogo majumbani au kwenye nyumba za wageni ambao wataambiwa maneno yale yale niliyoambiwa mimi.

Bwawa letu tulilichimba kwa ajili ya mama. Magoti yake yamechakaa, na daktari alimtaka afanye mazoezi ndani ya maji ya uvuguvugu. Wakati wa Kaskazi hakuna tabu, jua linatosha. Shida ni miezi ya Kusi, Juni mpaka Agosti: upepo unapiga usiku kucha, maji yanapoa, na mtu mzima mwenye maumivu ya viungo hawezi kuyavumilia. Ndipo tukanunua hita ya pampu ya joto, ile inayofanya kazi kama kiyoyozi kilichogeuzwa: inavuta joto la hewani na kulitia kwenye maji. Kwa hali ya hewa ya kwetu inafaa sana, na umeme inaokula ni mdogo kuliko hita ya koili. Tuliiweka nyuzi 31 na mama akawa anaingia kila asubuhi.

Kisha ikaanza kukaa bila kuwaka. Kioo chake kilionyesha maji yamefika nyuzi 39. Mama alitia mguu akautoa. "Mwanangu, hiyo mashine inasema maji ya moto, mbona mie baridi inanipanda hadi kiunoni?" Nilitumbukiza kipimajoto cha kawaida, kikasoma 25. Kwa hiyo hita haikuwa imekufa. Ilikuwa inaamini kazi imekwisha.

Nilisafisha chujio, nikahakikisha maji yanapita kwa nguvu, nikazima kwenye swichi kubwa na kuwasha tena. Hakuna kilichobadilika, na kioo hakikuonyesha namba yoyote ya hitilafu.

Wakala kwa simu alijibu papo hapo: umeme unaopanda na kushuka umeunguza bodi, yaani sakiti inayoiongoza mashine, niagize mpya kutoka Dar. Bei yake ilizidi shilingi milioni moja. Nilipomuuliza kama sensa ya joto la maji, kile kifaa kinachoiambia bodi maji yana nyuzi ngapi, inaweza kuwa ndiyo mbovu, akasema hapana, sensa ikiharibika mashine huandika hitilafu. Siku nyingine mtu wa pili ofisini kwake akanishauri niingie kwenye mipangilio nipunguze nyuzi 14 ili namba zilingane. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nipime chochote, na hili ndilo linaloniuma, kwa sababu kipimo chenyewe ni cha dakika chache.

Fundi wa mafriji kutoka Kiembesamaki ndiye aliyekipima. Alimsalimu mama, "Shikamoo bi mkubwa, maji yako yatapata moto leo inshallah," akazima umeme, akasubiri kidogo kwa sababu kapasita ya kompresa, kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji, ndipo akafungua kifuniko. Sensa ya maji ni kijiti kidogo cha chuma chenye nyaya mbili, kimechomekwa kwenye bomba linaloingiza maji. Ndani yake mna kitu ambacho ukinzani wake, yaani kiasi kinavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa kilo-omu, hushuka joto linapopanda. Kwenye mashine yetu, kama kitabu chake kinavyosema, sensa inatakiwa isome kilo-omu 10 ikiwa nyuzi 25. Aliichomoa kwenye bodi, akagusisha mita: ikasoma tano na nusu. Kwa sensa nzima, hicho ni kipimo cha nyuzi 39 hivi, yaani bodi ilikuwa inasoma sawasawa kile ilichopewa.

Akaomba bilauri ya maji ya barafu. Sensa nzima ya aina hii, ikiwa kwenye nyuzi sifuri, hupanda hadi kilo-omu 32 au 33. Yetu haikufika hata 10. Unyevu ulikuwa umeingia ndani, na maji yakawa yanapitisha umeme pembeni, ukinzani ukaonekana mdogo kuliko ulivyo. Mashine huandika hitilafu waya ukikatika kabisa au nyaya mbili zikigusana. Sensa iliyolowa hutoa namba inayoaminika, kwa hiyo bodi hainung'uniki. Na ule ushauri wa kupunguza nyuzi 14 usingesaidia, kwa kuwa kosa halilingani: kwenye maji ya uvuguvugu ni kiasi fulani, kwenye maji ya baridi zaidi ni kiasi kingine.

Kilichonifurahisha zaidi ni alivyoithibitisha bodi. Alitoa mfukoni rezista, kipande kidogo chenye ukinzani usiobadilika, ya mistari ya kahawia, nyeusi na rangi ya chungwa, ambayo ni kilo-omu 10, akaichomeka mahali pa sensa na kuwasha. Kioo kikaandika 25. Bodi ya milioni ilikuwa nzima.

Sensa mpya tuliipata mjini, kwenye duka la vipuri vya mafriji na viyoyozi, kwa bei ambayo haikufika hata sehemu ya kumi ya bodi. Hapa pana tahadhari: zipo za kilo-omu 5 zinazofanana nayo kabisa kwa umbo. Ukiifunga hiyo kwenye bodi inayotaka 10, maji ya nyuzi 25 yatasomeka zaidi ya 40, na utadhani tatizo halijaondoka. Pima dukani kabla hujalipa. Nyaya zake hazina chanya wala hasi.

Ile ya zamani tulipoichunguza, kiungo cha waya kilikuwa nje ya kifuniko, kimezungushiwa utepe tu, na shaba imegeuka kijani kwa chumvi ya bahari. Kwa hilo namlaumu mtengenezaji. Fundi alilehemu kiungo kipya, akakivalisha mpira wa kusinyaa wenye gundi, akakipandisha ndani ya boksi, na kuulegeza waya chini kidogo ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kufika kwenye sensa.

Tangu hapo kioo na kipimajoto vinakubaliana, na mama amerudi kwenye mazoezi yake. Mashine bado ningeinunua, kwa sharti kwamba siku ya kufungiwa kiungo hicho kizibwe upya na sensa ya akiba iwe ndani ya bei. Wakala huyo sitamrudia mpaka awe na mtu hapa Unguja anayefika na mita mkononi kabla ya kutaja bei ya bodi.