Xeon E5-2680 v4 au Ryzen 5 5600?

Hizi ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Xeon E5-2680 v4 ilitoka 2016 kwa ajili ya seva, ikiwa na kori 14 (vitengo vya kuchakata) na nyuzi 28 (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja). Siku hizi inauzwa mtumba kwa bei ya chini sana, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Ryzen 5 5600 ya 2022, ya kompyuta ya mezani, ina kori 6 tu na nyuzi 12.

Lakini kasi ya Xeon inaishia 3.3 GHz, ya Ryzen inafika 4.4 GHz, na kila kori yake hufanya kazi nyingi zaidi kwa mzunguko mmoja. Kwa michezo, kuhariri picha na kazi za ofisi, chukua Ryzen bila kusita.

Xeon ina pake: kuendesha mashine pepe nyingi (kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta moja) kwa pamoja. Ina njia nne za kumbukumbu dhidi ya mbili za Ryzen, na inapokea RAM za seva zinazosahihisha makosa, ambazo mtumba wake ni nafuu. Ila piga hesabu ya umeme: wati 120 kwa 65. Ubao mama wake nao, tafadhali, nunua wenye dhamana.

Zote mbili zinahitaji kadi ya picha.