Zotero kwa anayeandika tasnifu kwa Kiswahili: nzuri sana, ila majina yetu yasimamie mwenyewe

Kama unaandika tasnifu ya umahiri au uzamivu katika fasihi, historia au sosholojia, pakua Zotero sasa, hata kabla pendekezo lako la utafiti halijapita. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu hapa Dar es Salaam, naandika kuhusu tenzi za visiwa vya Lamu, na kila ninachokirejelea kimo humo: vitabu, makala, miswada ya hati za Kiarabu, mahojiano na wazee wa Siyu na Pate.

Ni programu ya bure ya kutunza marejeleo. Ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Ninachoipendea zaidi ni kwamba maktaba yako inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Bando likiisha unaendelea kusoma na kuandika. Nilipokuwa nasoma umahiri nilitumia programu nyingine, ya kulipia, kwa leseni ya chuo. Nilipohitimu leseni ikakoma, nikawa siwezi tena kuongeza hata kitabu kimoja kwenye orodha niliyoihangaikia mwenyewe. Kwa mtafiti asiye na mfadhili hilo linauma.

Sasa majina, maana hapo ndipo penye kazi. Zotero inampa kila mwandishi visanduku viwili, cha jina la ukoo na cha jina la kwanza. Chukua Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Ukimgawa katika visanduku hivyo, orodha ya marejeleo itakutolea "Msham, M. K. binti". Msham ni babake! Msomaji anayemtafuta Mwana Kupona kwenye herufi M atakuta jina la mzazi limetangulia na lake limebaki herufi mbili. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, naye yatampata hayohayo. Dawa ipo: kando ya jina kuna alama ndogo inayounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Ibonyeze, andika jina zima, nalo litatoka vilevile ulivyoliandika. Kila rejeo nalikagua siku linapoingia. Ukiyaacha yarundikane utakuja kuyasahihisha usiku wa kuamkia kuwasilisha, na wakati huo hutakuwa na macho ya kuona kosa.

Makala mpya za majarida hazina taabu. Ile Zotero Connector ya kwenye kivinjari inanasa makala na PDF yake kwa kubofya mara moja. Vitabu vya zamani vya Kiswahili na makala za jarida la Mulika, hizo jiandae kuziandika kwa mkono.

Mtindo wa kurejelea wa APA ukiuchukua ulivyo utakuwekea "Massamba et al., 1999" katikati ya sentensi ya Kiswahili, nao wasimamizi wetu wanataka "Massamba na wenzake". Nashukuru kwamba faili la mtindo ni maandishi tu, linaharirika. Unaingiza istilahi zako, unalibandika jina jipya ili lisifutwe na toleo la mtandaoni, unalisakinisha. La kwangu linatoa "na wenzake", "uk." na "mh.", na nimewagawia wenzangu wa idara. Natamani vyuo vyetu vyenyewe vingetengeneza faili la namna hiyo na kumpa kila mwanafunzi siku anaposajiliwa, kwa sababu mwongozo wa tasnifu tunapewa, ila wa karatasi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kisomeo cha PDF kilichomo humohumo tangu mwaka 2022. Miswada iliyopigwa picha haina maandishi ya kuchagua, kwa hiyo kupaka rangi mstari hakuwezekani. Ila unaweza kuzungushia sehemu ya ukurasa na kuikata kama picha. Mimi nakata ubeti mmoja ulivyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, chini yake naandika unukuzi wangu na neno ninalolitilia shaka, na Zotero inakumbuka ubeti umetoka ukurasa gani wa mswada gani. Nikifika kwenye uchambuzi nayavuta yote hadi kwenye Word, picha na rejeo lake. Nikitaka kulinganisha nakala mbili za utenzi mmoja, beti zake ziko mbele yangu ubavu kwa ubavu.

Kwa mahojiano kuna aina yake ya rejeo. Tafadhali, usiandike jina halisi la mzee aliyekuomba umhifadhi, kwa kuwa taarifa za rejeo husafiri hadi kwenye seva za Marekani ukiruhusu usawazishaji (sync). Andika alama, kwa mfano S-07, na orodha ya alama na majina uiweke mahali pengine kabisa. Faili la sauti nalo liunganishe kama kiungo tu, ili libaki kwenye diski yako. Wazee wale wametuamini.

Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, na picha za miswada huimaliza upesi. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Mimi nimezima usawazishaji wa mafaili na kuacha wa taarifa peke yake, ambao hauna malipo.

Zotero hufanya kazi ndani ya Word, LibreOffice na Google Docs. Sura ya kumpelekea msimamizi itengenezee nakala, kisha kwenye nakala hiyo bonyeza Unlink Citations ili marejeleo yawe maandishi ya kawaida. Ile yenye marejeleo hai ibaki kwako, na masahihisho ya Profesa uyaingize humo. Folda ya Zotero ninakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa, programu ikiwa imefungwa, na diski hiyo haikai kwenye mkoba mmoja na laptopu.