Tower of London: Tiketi Yake, Mizimu Yake na Wale Watoto Wawili

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Wengi mliniomba nichambue ziara ya Tower of London, hasa zile hadithi za mizimu. Basi jana nimeshinda humo kutwa, mvua ikininyeshea, na leo nawapa niliyoyaona.

Ngome yenyewe ni ya zamani kweli. Ule Mnara Mweupe wa katikati ulianza kujengwa na mfalme William Mshindi miaka ya 1070, na unakwenda juu mita 27. Lakini mimi sikufuata urefu, nilifuata ngazi.

Mwaka 1674 mafundi waliokuwa wakibomoa ngazi ya mnara huo walichimbua sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na mifupa ya watoto wawili. Sasa rudini nyuma hadi 1483. Mfalme Edward wa Tano, mtoto wa miaka 12 tu, analetwa humu kusubiri kutawazwa. Mdogo wake Richard, miaka 9, naye analetwa. Watu wanawaona wakicheza bustanini, baadaye wanawaona madirishani, tena kwa nadra, kisha hawaonekani kabisa. Aliyevaa taji ni baba yao mdogo, Richard wa Tatu. Ile mifupa ilizikwa katika kanisa la Westminster Abbey mwaka 1678, ikafunguliwa kuchunguzwa 1933, ikarudishwa. Vipimo vya vinasaba havijafanyika mpaka leo. Mimi namshuku baba mdogo, kwa sababu watoto walikuwa mikononi mwake na hakuwahi kuwatoa hadharani wakaonekana wazima. Nina wadogo zangu wa umri huo nyumbani. Pale nilisimama muda mrefu.

Haya, mizimu. Wa Anne Boleyn, malkia aliyekatwa kichwa kwa upanga tarehe 19 Mei 1536, ndio maarufu kuliko yote. Ila kwangu mimi kisa cha Edmund Swifte kinaushinda. Huyu alikuwa mtunza vito vya kifalme. Usiku mmoja wa mwaka 1817 anakula na familia yake katika Mnara wa Martin, mara hewani kinatokea kitu kama bomba la kioo, unene wa mkono wa mtu, ndani yake maji meupe na ya buluu yakizunguka. Kikapita mezani taratibu, kikatua nyuma ya bega la mkewe. Mke akapiga kelele, mume akanyanyua kiti akakirushia. Mtoto na shemeji waliokuwa pale hawakuona chochote! Hapo ndipo kisa kinaponikamata.

Kunguru wanaofugwa humo ngomeni nawapunguzia alama. Watu husema kunguru hao wakiondoka, ufalme utaanguka, na kwamba ni imani ya karne na karne. Ndege ni wazuri, weusi wa kung'aa, lakini kumbukumbu za imani hiyo hazirudi nyuma kupita karne ya 19.

Sehemu isiyokosekana ni Mnara wa Salt. Mwaka 1561 alifungwa humo Hew Draper, mwenye nyumba ya wageni kutoka Bristol, akituhumiwa uchawi. Akachonga ukutani duara la nyota na alama zake, mistari imenyooka kama ya rula. Mtuhumiwa wa uchawi anachora nyota gerezani mwake! Waliofika Fort Jesus kule Mombasa wakaona michoro ya mabaharia Wareno watanielewa: ukuta uliochorwa na mtu aliyekaa pale unasema kuliko maelezo ya kibao.

Tiketi inastahili, nawaambia. Ziara ya kuongozwa na wale walinzi wa sare, Yeoman Warders, imo ndani ya bei hiyo hiyo, kwa hiyo msiikose. Ngazi za minarani ni za kuzunguka, nyembamba. Mwenye magoti mabovu atataabika. Fikeni asubuhi, anzieni Salt kabla watu hawajajaa, na mkiliona lile duara niandikieni hapo chini kama nanyi mnaamini Draper alikuwa mchawi.